Unga wa mkate wa kumimina unafurika? Angalia kaskazi kabla ya sufuria

Nilipoingia jikoni alasiri ile, kifuniko kilikuwa kimeinuka upande mmoja kama kuna mtu anakisukuma kwa ndani, na unga wa mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi, unateremka ubavuni mwa sufuria hadi kwenye jamvi. Sisimizi walishapata habari kabla yangu. Ilikuwa Ramadhani, nina oda ya mikate sita ya futari hapa Jang'ombe, Unguja, na kazi ya usiku kucha imelala sakafuni. Nililia, maana tui la nazi nne si kitu cha kumwaga.

Kipimo changu kilikuwa kile kile alichonifundisha mama: kilo moja ya mchele, vijiko viwili vidogo vya hamira. Miaka yote hakikunitupa. Ilinichukua siku mbili kufahamu kilichobadilika. Nilianza kupika mikate ya kuuza mwaka 2016, na mwaka ule mwezi uliandama mwanzoni mwa Juni, wakati wa kipupwe, ukiamka alfajiri unatafuta kanga ya pili. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Kufika 2025 imeangukia mwanzo wa Machi, joto la kaskazi, msimu wetu wa jua kali, bado halijatuacha, na jikoni kwangu chini ya bati ni tanuri. Kipimo cha mama kilikuwa sahihi, ila kilikuwa cha kipupwe.

Hamira ni kitu hai. Inakula sukari na kutoa hewa, na mchele uliosagwa kwa tui zito unanata, kwa hiyo hewa inanaswa humo humo na kuwa povu. Kwenye baridi inakula taratibu, kwenye joto inakula kwa pupa. Kwa hiyo wakati wa kaskazi sasa natia kijiko kimoja kidogo kwa kilo, na usiku ukiwa hauna upepo hata hicho sikijazi. Wapo watakaokwambia upunguze sukari. Mimi sikubaliani nao, mkate utapooza. Naigawa tu: nusu wakati wa kusaga, iliyobaki natia karibu na kupika, pamoja na ute wa yai.

Halafu tui. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, na mimi nilikuwa wa mbele. Tunachuja nazi kwa maji ya moto ili litoke zito, kisha kwa haraka ya futari tunalimimina kwenye blenda lingali vuguvugu, na blenda nayo inazidi kulipasha. Likiwa la moto sana hamira inakufa, likiwa vuguvugu inapata wazimu. Chovya kidole. Ukihisi joto, ngoja.

Sufuria naijaza nusu tu, basi. Naiweka ndani ya beseni la maji baridi, maji yafike usawa wa unga, na yakipata joto nayabadilisha. Friji nimeijaribu pia: sufuria kubwa inapoa pembeni, huku katikati unga unaendelea kupanda saa nzima na zaidi. Ukitaka friji, gawa kwanza kwenye vyombo vidogo.

Na ukikuta umeshapanda, tafadhali usiweke jiwe juu ya kifuniko, hewa itatafuta njia na wewe utafua jamvi. Funua, chukua mwiko, koroga polepole kutoka chini mpaka povu lishuke, kisha hamishia nusu chombo kingine. Tazama ukingo wa sufuria. Ukiona mstari wa povu lililokauka juu ya usawa wa unga, ujue uliumuka ukaanguka wewe hupo. Nusa: ukali wa siki ukishaingia, usiongeze hamira, fanya vitumbua siku hiyo.

Unga uliokuwa tayari una vipovu vidogo vidogo juu, kama umenyunyiziwa ufuta. Vikishakuwa vikubwa kama macho ya samaki, umechelewa. Kwa hiyo mimi makaa ya juu na ya chini nayawasha mapema, sufuria ya kupikia imepakwa samli inangoja, na ufuta ule ukitokeza tu, namimina.