Kabla hujasema neno juu ya kota: kwa wadogo zangu mnaokwenda kusoma India

Vijana wetu wanaokwenda kusoma India, wa ufadhili wa ICCR, baraza la serikali ya India la uhusiano wa kitamaduni, na wa fedha za wazazi, huagwa kwa maneno yaleyale: jihadhari na maji ya bomba, jisajili FRRO, ofisi ya kusajili wageni, ndani ya siku 14, usimwamini dalali wa nyumba. Habari ya kota, yaani nafasi za vyuo zinazotengwa kwa jamii zilizobaguliwa au kuachwa nyuma, hawaambiwi, wakati hayo ndiyo mazungumzo watakayoyakuta hosteli, kantini na hata kwenye foleni ya kulipa ada. Nimesoma huko shahada ya pili, nimekaa hosteli na watu wa kila upande wa jambo hili, na naandika ili usiingie ukiwa mtupu.

Anza kwa kusikiliza wanachoulizana wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza. Swali la kwanza: ulishika nafasi ya ngapi kwenye mtihani wa kuingilia? Kwa mgeni linasikika kama swali la kujuana tu. Kumbe muulizaji anatafuta mwenzake aliingia kwa mlango gani, wa kota au wa wazi, kwa sababu orodha za udahili hutenganishwa na namba ya mtu inamtaja. Swali la pili ni jina la ukoo, nalo linafanya kazi hiyohiyo, maana majina mengi ya ukoo yanabeba kasti, yaani tabaka ambalo mtu huzaliwa nalo. Niliwahi kukaa meza moja na kijana aliyejitambulisha kwa jina moja tu. Akaulizwa, "Jina kamili?" Akalirudia lilelile moja. Akaulizwa tena, kwa tabasamu. Akasema anakwenda kuongeza maji, akachukua bilauri yake na hakurudi mezani, na sahani yake ya wali na dali ikabaki pale hadi mhudumu alipoiondoa. Waliobaki waliendelea na habari za kriketi.

Jua pia kwamba upande mmoja utakufikia kwanza. Watakaokuzoea haraka ni wale waliosoma shule za Kiingereza mijini, kwa kuwa lugha inawaruhusu, na wengi wao ni wa kasti za juu. Watakueleza kwa upole kabisa kwamba wenzao wamepewa nafasi za bure, kwamba wao walikesha wakisoma na nafasi zao zikachukuliwa. Aliyetoka kijijini, aliyesoma kwa Kitelugu, Kimarathi au Kihindi, hatakukimbilia kukuzoea, kwa sababu Kiingereza chake kinachekwa na wenzake kila siku. Kwa hiyo usitoe maoni mapema. Subiri hata muhula mzima. Kaa na yule anayekula peke yake, muulize kwao wapi. Kasti yake usimuulize kamwe. Akitaka atakwambia.

Wakati unasubiri, jifunze hesabu yenyewe. Kwenye matangazo ya udahili utaona herufi SC, ST, OBC na EWS. SC ni jamii za Wadalit, waliokuwa wakiitwa wasioguswa, nao wametengewa asilimia 15 ya nafasi katika vyuo vya serikali kuu. ST ni makabila ya asili, asilimia 7.5. OBC ni jamii nyingine zilizoachwa nyuma kielimu na kijamii, asilimia 27. Kuanzia 2019, kwa marekebisho ya 103 ya katiba, wameongezwa EWS, asilimia 10, yaani wenye kipato kidogo ambao hawamo katika makundi hayo matatu. Zinabaki asilimia 40.5, nazo ni za wazi kwa kila mtu. Hapo ndipo wageni wengi wanapopotea. Nafasi za wazi si mali ya kasti za juu. Mdalit mwenye alama za kutosha anaingia kupitia hizo bila kugusa kota. Na mtoto wa OBC ambaye familia yake ina kipato cha zaidi ya rupia 800,000 kwa mwaka huhesabiwa tabaka la malai, yaani waliokwisha kujiweza, na kota haimhusu. Majimbo nayo yana hesabu zao: Tamil Nadu hutenga asilimia 69.

EWS nayo ichunguze vizuri, kwa sababu inaonyesha mengi. Maskini wa Kidalit haruhusiwi kuiomba. Mahakama ya Juu iliipitisha Novemba 2022 kwa majaji watatu dhidi ya wawili, na hao wawili walipinga jambo hilohilo la kuwafungia nje maskini wa makundi mengine. Wapo wanaolalamika mchana kutwa kwamba kota inaua sifa za kitaaluma, lakini juu ya asilimia hizo 10 hutawasikia.

Sasa geuka ujitazame mwenyewe. Wewe umeingiaje? Vyuo vya India hudahili wageni kwa nafasi za ziada, zinazoongezwa juu ya idadi ya kawaida. Mwongozo wa 2022 wa UGC, tume inayosimamia vyuo vikuu vya India, unaruhusu hadi asilimia 25. Mtihani ule uliowatoa wenzako jasho kwa miaka miwili wengi wetu hatukuufanya. Tumeingia kwa vyeti vyetu vya kidato cha sita au shahada ya kwanza, na baadhi yetu tumelipiwa kila kitu. Hakuna aibu katika hilo, ni utaratibu halali na una sababu zake. Ila Mwafrika aliyeingia kwa nafasi maalum akimcheka Mdalit kwa kuingia kwa nafasi maalum, huyo amejivunjia heshima mwenyewe. Na wapo watakaokutumia: "Mwone huyu, ametoka Afrika na hakuhitaji kota." Wakatalie palepale, kwa adabu, na waeleze ulivyoingia.

Historia ya harakati zenyewe ni ndefu, nami nakupa yale yatakayokusaidia kuelewa mabango. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ilifuta mgawo wa nafasi kwa jamii katika vyuo vya udaktari na uhandisi vya Madras. Mwaka huohuo bunge likabadilisha katiba ili mgawo uwezekane, na hayo ndiyo yakawa marekebisho ya kwanza ya katiba ya India. Tarehe 7 Agosti 1990 waziri mkuu V. P. Singh alitangaza kutekeleza ripoti ya tume ya Mandal, asilimia 27 ya ajira za serikali kuu kwa OBC. Wanafunzi wa Delhi na miji ya kaskazini walifunga barabara. Septemba mwaka huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Delhi, Rajeev Goswami, alijiwasha moto hadharani. Alipona na majeraha makubwa, lakini baadhi ya waliomfuata walikufa. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu iliikubali asilimia 27, ikawatoa wenye kipato kikubwa, na ikaweka kikomo kwamba kota zote kwa jumla zisizidi nusu, kikomo ambacho EWS ilikuja kukipita.

Kisha ukaja mwaka 2006, na hapa suala lilikuwa udahili hasa. Waziri Arjun Singh alitangaza kota ya OBC katika vyuo vya serikali kuu, vikiwemo IIT za uhandisi, IIM za biashara na AIIMS ya udaktari, na madaktari vijana wakagoma. Angalia namna walivyoandamana, kama walivyofanya wenzao wa 1990: walivaa makoti meupe wakafagia barabara na kung'arisha viatu vya wapita njia. Walitaka kusema, kota ikipita hizi ndizo kazi zitakazotubakia. Lakini kufagia na kushona viatu ndizo kazi ambazo Wadalit wamelazimishwa kuzifanya kizazi baada ya kizazi. Mwanafunzi wa Kidalit aliyesimama dirishani siku ile aliona kazi ya babu yake ikiigizwa kama fedheha kubwa kuliko zote. Nilipoelezwa hili na mtu ambaye baba yake alikuwa mfagiaji wa manispaa, nilielewa kuliko nilivyoelewa kwa vitabu vyote nilivyopewa na kitivo. Sheria ilipita, Mahakama ya Juu ikaithibitisha Aprili 2008, na vyuo vikaongeza nafasi zao kwa kiasi cha asilimia 54 ili idadi ya nafasi za wazi isipungue. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba OBC walizichukua nafasi za watu, uliza habari za ongezeko hilo.

Ila usidhani harakati zinaishia mlangoni. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba wanafunzi wa Kidalit wanazungumzia zaidi yanayowapata baada ya kuingia. Kamati ya Profesa Sukhadeo Thorat iliyochunguza AIIMS, na kutoa ripoti yake 2007, ilikuta wanafunzi wa SC na ST wamejikusanya ghorofa za juu za baadhi ya hosteli baada ya kusumbuliwa kwingine. Pale JNU, Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru cha Delhi, kamati ya Profesa Abdul Nafey iliangalia alama za usaili wa udahili na kupendekeza zishushwe kutoka 30 hadi 15, kwa sababu mtu aliyefaulu vizuri mtihani wa kuandika alikuwa anashushwa akishaonekana uso kwa uso. Ukisikia wanafunzi wanapiga kelele juu ya alama za usaili, usidhani wanatafuta njia rahisi. Wanadai kusahihishwa na mtu asiyejua ukoo wao.

Jina utakaloliona kwenye kuta nyingi ni la Rohith Vemula, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Hyderabad na mwanachama wa chama cha wanafunzi chenye jina la Ambedkar, kiongozi wa Wadalit aliyeongoza kamati ya kuandika katiba ya India. Aliingia kwa nafasi za wazi. Baada ya mzozo na wanachama wa ABVP, chama cha wanafunzi cha mrengo wa kulia, yeye na wenzake wanne walifukuzwa hosteli, wakawa wanalala nje kwenye turubai walilozungushia picha za viongozi wao. Posho yake ya utafiti ya rupia 25,000 kwa mwezi ilikuwa imesimama kwa miezi kadhaa. Tarehe 17 Januari 2016 alijiua, akiwa na miaka 26. Vyuo vikasimama nchi nzima, na mpaka leo wanafunzi wanadai sheria yenye jina lake dhidi ya ubaguzi vyuoni. Nakuomba ulichukue hili kwa uzito katika maisha yako ya kila siku. Mwenzako wa chumbani akinyamaza ghafla, akiacha kwenda kula, akianza kugawa vitu vyake, usimwache peke yake na usingoje kesho. Kaa naye, mwite mtu anayemwamini, mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi. Hilo halihitaji uraia.

Vyama vitakuchanganya mwanzoni. ABVP iko katika familia ya RSS, shirika la uzalendo wa Kihindu, NSUI ni ya chama cha siasa cha Congress, SFI na AISA ni za vyama vya kikomunisti. BAPSA na vyama vingine vya Kiambedkar vina bendera ya buluu na salamu ya "Jai Bhim". Usidhani wote wanaotetea kota ni kitu kimoja. Wafuasi wa Ambedkar wana malalamiko ya muda mrefu kwamba vyama vya kushoto huwaita wakati wa maandamano huku uongozi ukibaki kwa kasti za juu, na mimi naona wana haki. Ilikuwa Machi 2024 ndipo JNU ilipompata tena rais wa wanafunzi ambaye ni Mdalit, Dhananjay wa AISA, baada ya karibu miongo mitatu. Nenda kwenye midahalo ya usiku baada ya chakula, kaa nyuma, andika. Mikutano ya tarehe 14 Aprili, siku aliyozaliwa Ambedkar, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu watu hueleza mambo kuanzia mwanzo na wageni hukaribishwa.

Kuandamana ni habari nyingine, na hapa nakuwa mkali. Viza yako ni ya masomo. Desemba 2019 mwanafunzi Mjerumani wa IIT Madras aliyeshiriki maandamano ya kupinga sheria ya uraia aliambiwa aondoke nchini. Mwanafunzi Mpolandi wa Chuo Kikuu cha Jadavpur aliandikiwa amri ya kuondoka mapema 2020, na ilibidi Mahakama Kuu ya Calcutta iifute. Yeye alipata wakili na mahakama ikamsikia. Wewe ukiwa na ada ya muhula mfukoni na wazazi Singida, utafanya nini? Usibebe bango, usishike kipaza sauti, usichangie fedha chama chochote, na usirushe mtandaoni picha za sura za watu waliokaa langoni kuandamana, maana picha hizo hutumika kuwaadhibu. Kuna kazi nyingine. Wasaidie wenzako kusoma rasimu zao za Kiingereza. Mfundishe takwimu aliyeshindwa kulipia masomo ya ziada. Mwalimu akimdhihaki mtu darasani na uongozi ukatafuta shahidi, eleza ulichokiona kama kilivyokuwa.

Ukiwa chuo binafsi, na wengi wetu tunapelekwa huko, utasikia lawama za kota hata mahali ambapo kota yenyewe haipo. Vyuo vingi vya aina hiyo havibanwi na mgawo wa serikali kuu, na Wadalit darasani kwako watakuwa wachache. Ukikuta watu sitini hawampendi mtu ambaye hayumo chumbani, uliza kwa nini hayumo.

Na usikubali kuambiwa kwamba haya ni mambo ya Wahindi, hayatuhusu. Katika misitu ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, maeneo ya Yellapur, Haliyal na Mundgod, wanaishi Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka pwani yetu ya Afrika, wengi kama watumwa. Kwa sura ungewapita Tandale au Likoni bila kuwageukia. Tangu 2003 wamo katika orodha ya ST huko, na mtoto wa Kisiddi anayefika chuo kikuu leo anapita kwenye ile asilimia 7.5 inayodhihakiwa hostelini kwako. Mwaka 2020 mmoja wao, Shantaram Siddi, aliteuliwa kuingia baraza la juu la bunge la Karnataka, wa kwanza katika jamii yake. Ukipata likizo, panda treni hadi Hubballi, na hapo kuna mabasi ya kwenda Yellapur. Waulize wao kota imewafanyia nini.