Maswali na Majibu: Dhambi ya Jirani Yako Usiniletee Mimi

Kila ninapokaa kuchagua maswali yenu nayapanga mafungu mawili: yanayomhusu aliyeuliza, na yanayomhusu jirani yake. Fungu la pili halijawahi kuwa dogo. "Mzee fulani anakunywa pombe, je, apewe Meza ya Bwana?" "Mke wa mwalimu wa kwaya anavaa suruali, Biblia inasemaje?" Hayo nimeyaweka pembeni. Leo nimechukua ya watu wanaoumia, wengi wao wakiumizwa na jumuiya zao wenyewe, na nitajibu bila kuzunguka mbuyu.

Bwana Yesu asifiwe, Mwinjilisti. Binti yangu wa kidato cha tatu ni mjamzito. Wazee wa kanisa wamemtoa kwaya ya vijana na kumtenga mpaka ajifungue, kisha asimame mbele ya usharika atubu ndipo arudishwe kundini. Mtoto naye hatabatizwa kabla ya hapo. Kijana mwenyewe bado anapiga kinanda kila Jumapili. Nifanyeje? (Mama, Moshi)

Pole sana, mama. Kwanza kabisa, kama binti hajaanza kliniki, aanze wiki hii. Mimba ya msichana mdogo ina hatari zake, na wazee wa kanisa hawapimi presha.

Pili, shule. Tangu Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie habari ya masomo imeisha. Kinachonisikitisha ni kwamba wizara imempokea binti huyu kabla ya kanisa lililombatiza.

Tatu, huyo mpiga kinanda. Kumpa mwanafunzi ujauzito ni kosa la jinai hapa kwetu, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30. Usiruhusu suala hili limalizwe kwa mbuzi na kikao cha wazee sebuleni. Nenda dawati la jinsia la polisi upate ushauri kabla hujakubali lolote.

Sasa nidhamu ya kanisa. Siipingi. Paulo anaandika katika Wagalatia 6:1, "mtu akighafilika katika kosa lo lote, ninyi mlio wa Roho mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole." Kazi waliyopewa wazee ni kurejeza. Lakini tazama tunavyofanya: dhambi ni ya watu wawili, tumbo ni la mmoja, na sisi tunaadhibu tumbo. Asiyeonekana anaendelea kupiga "Bwana U Sehemu Yangu" huku wazee wakifumba macho kwa utamu. Walioleta yule mwanamke kwa Yesu, Yohana 8, walisema amefumaniwa katika tendo lenyewe. Torati waliyoishika mkononi, Walawi 20:10, ilitaja wote wawili. Mwanamume alipitia wapi?

Na ubatizo wa mtoto. Sisi tunabatiza wachanga kwa sababu tunafundisha kwamba neema hutangulia, mtoto hajafanya jema wala baya la kumstahilisha. Ukimnyima mtoto ubatizo kwa kosa la mama yake, umeyafuta hayo mafundisho kwa mkono wako mwenyewe. Mwombe mchungaji akuonyeshe katika Katekisimu Ndogo ya Luther mahali palipoandikwa hivyo. Mwombe kwa adabu, ukiwa na mume wako au mama mmoja mwenye heshima usharikani. Akishindwa kukujibu, mkuu wa jimbo yupo na ofisi yake ina mlango.

Jambo la mwisho ni kwa kina mama wa jumuiya hiyo, maana najua mnasoma. Mzazi mwingine yeyote mngempelekea mtori na khanga. Huyu mmepanga kumpelekea nini?

Je, ni sawa kumsaidia mtu ambaye si wa dhehebu letu? (Msomaji, Dodoma)

Luka 10, kuanzia mstari wa 25, habari ya Msamaria Mwema. Mwanasheria mmoja aliuliza kabla yako.

Mwinjilisti, kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya yetu dada mmoja aliandika: "Tuikumbuke kwa maombi ndoa ya mama nanihii, mume amehamia kwa mwanamke mwingine." Mama nanihii yumo kwenye grupu. Tulikosea wapi? (Katibu wa jumuiya, Mbeya)

Mlikosea pale mlipojibu "Amina" badala ya kufuta ujumbe.

Umbea ukivaa kitenge cha maombi bado ni umbea. Mtu anapokuambia siri yake amekupa wewe, hajawapa watu arobaini na simu zao, na waume zao, na wadogo zao wanaochukua simu kucheza gemu. Mungu hahitaji jina, mtaa na jina la nyumba ndogo ili asikie.

Wengine hujitetea kwa kusema kwamba hata Uamsho ulikuwa hivyo, watu walisema mambo hadharani. Wazee wetu waliopitia Uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Bukoba na Kenya, walisimama kweli mbele za watu. Walisimama kutaja dhambi zao wenyewe, na wengi walirudisha walichoiba. Sisi tumerithi ile sehemu ya kutaja, tumembadilisha tu mwenye dhambi.

Katibu, weka kanuni moja: hakuna ombi linalomtaja mtu ambaye hajaruhusu. Na mwende wawili kwa huyo mama, bila kamera, mkamwombe radhi. Akikataa kuwapokea, mrudi siku nyingine.

Nina mtoto wa miezi mitatu. Tangu nijifungue nalia bila sababu, silali hata mtoto akilala, na wakati mwingine nawaza angepata mama mwingine ingekuwa heri. Jumuiya wamekuja kuniombea mara kadhaa, wanasema ni roho ya huzuni, wakaniambia nifunge siku tatu. Nimefunga, sijaona tofauti. (Mama kijana, Dar es Salaam)

Binti yangu, acha kufunga leo. Wewe unanyonyesha. Aliyekuagiza saumu hiyo hakufikiri.

Unayoyaeleza yanajulikana hospitalini. Ni sonona inayowapata baadhi ya wazazi baada ya kujifungua, na inatibika. Ukimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito na kuchanjwa, mwambie nesi maneno haya haya uliyoniandikia mimi, usiyapunguze. Kuna ushauri, na kuna dawa ambazo daktari anaweza kumpa hata anayenyonyesha. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri tarehe ya kliniki: nenda hospitali leo, na usikae peke yako, mama yako au dada yako alale hapo.

Kutumia dawa si kukosa imani. Nimeshangaa jinsi tunavyomeza dawa za presha na kisukari baada ya ibada bila aibu, lakini ugonjwa ukipanda kichwani tunautafutia pepo.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, nabii aliyeshusha moto, amekaa chini ya mti anaomba afe. Malaika hakumkemea, hakumwambia aongeze maombi. Alimgusa akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Mahubiri yalikuja baadaye sana, na yalikuja kwa sauti ndogo. Ndiyo ibada ninayoidai kwa jumuiya yako: mmoja afue nepi, mwingine apike, wa tatu ambebe mtoto saa mbili ili mama apate usingizi. Hata marafiki wa Ayubu, tunaowasema vibaya kila mwaka, walikaa naye chini siku saba bila kunena neno. Mpaka hapo walikuwa wachungaji wazuri. Waliharibu walipofungua kinywa.

Kaka yangu alijinyonga. Sisi ni Wakatoliki. Jirani zetu wanasema hawezi kuombewa wala kuzikwa na kanisa, na sasa wanatukwepa hata njiani. Ni kweli? (Msomaji, Bukoba)

Mimi si padri, lakini hili liko wazi. Sheria za zamani za Kanisa Katoliki, za 1917, ziliwataja waliojiua kwa makusudi miongoni mwa wanaonyimwa mazishi ya kanisa. Sheria ya 1983 iliwaondoa kwenye orodha hiyo. Na Katekisimu inafundisha kwamba mateso makubwa ya nafsi hupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojiua. Jirani zako wanatumia sheria ambayo padri wao mwenyewe haitumii tena. Nenda umwone, aandike nia ya Misa kwa jina la kaka yako, isomwe kanisani watu wakiwepo.

Poleni sana nyumbani. Wanaowakwepa wengi hawajui waseme nini. Warumi 12:15 haisemi tuseme kitu, inasema tulie na waliao.

Nimsamehe mtu mara ngapi? (Wasomaji wengi mno)

Sabini mara saba, Mathayo 18:22, na mkiniuliza tena mwezi ujao nitawaelekeza hapo hapo.

Ila katika barua hizi moja imenifanya nisilale. Mama mmoja anapigwa na mumewe, amevunjwa mkono, na "wazazi wa ndoa" waliowasimamia wamemwambia asamehe na arudi kwa sababu Kristo alistahimili msalaba. Mama, usirudi kwa maneno hayo. Chukua PF3, ile fomu ya matibabu ya polisi, nenda hospitali, nenda dawati la jinsia, kaa kwa ndugu. Kusamehe ni jambo la moyo wako na Mungu wako, linaweza kuchukua muda. Kurudi kulala chumba kimoja na mtu mwenye rungu ni jambo lingine kabisa, na hakuna mstari unaokudai hilo. Kristo aliutoa uhai wake mwenyewe kwa hiari. Hakumtuma mwanamke wa watu akafe kwa niaba ya heshima ya usharika.

Vivyo hivyo kwa mweka hazina aliyekula fedha za ujenzi. Msameheni, kaeni naye benchi moja, mualikeni arusini. Ufunguo wa sanduku apewe mwingine.

Katika jumuiya yetu mzee mmoja amefariki. Hakuwa anatoa michango ya misiba. Wajumbe wanasema tusiende, "naye hakutuzika." Daftari linaonyesha kweli hajatoa kwa miaka miwili. (Mwenyekiti, Tanga)

Nendeni mkazike.

Najua uchovu wa michango. Kuna mwezi una harusi mbili, misiba mitatu, ujenzi wa nyumba ya mchungaji, bahasha ya mavuno, na mnada wa kuku baada ya ibada ambapo jogoo mmoja anauzwa mara nne. Mtu wa kipato kidogo anazama, na ninaamini wengine huacha kuja jumuiya kwa kuogopa daftari, siyo kwa kupoa kiroho. Hilo ni kosa letu viongozi, tunahesabu aliyetoa na hatumhesabu aliyetoweka. Miaka miwili hakutoa. Katika miaka hiyo miwili nani alikwenda kumwuliza ana hali gani?

Mkitaka utaratibu wa atoaye ndiye apewaye, anzisheni kikundi cha kufa na kuzikana, mwandike katiba, kila mtu ajue masharti. Ni jambo zuri na la halali, na mimi ni mwanachama wa kimoja. Lakini msikiite jumuiya, na msikifungue kwa Wagalatia 6:2, "Mchukuliane mizigo."

Nimehamia Mwanza kikazi. Kanisani hakuna anayenisalimu. Nirudi kusali kwa simu? (Kijana, Mwanza)

Usirudi kwenye simu. Simu haitakuja kukuona ukilazwa.

Lakini malalamiko yako nayajua. Tuna desturi ya kuwasimamisha wageni: taja jina, umetoka usharika gani, umeleta salamu gani. Kwaya inakuimbia, mnapigiwa makofi, mnakaa. Ibada ikiisha umesimama nje peke yako karibu na pikipiki, na waliokupigia makofi wanakupita wakiwahi nyumbani. Mwone katibu akupangie jumuiya ya mtaa unaokaa, uende hata kama hujaalikwa. Mara ya tatu watakuwa wamelijua jina lako. Nanyi wenyeji, huyo kijana anakula chipsi mayai kila siku. Mtu mmoja amwite Jumapili akale ugali.

Zamu yangu ya kupokea jumuiya nyumbani inakaribia. Wenzangu huandaa chapati, nyama na soda. Mimi sina. Nawaza kusafiri siku hiyo. (Mjane, Morogoro)

Usisafiri, dada. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele chao miaka ya 1970, na makanisa mengine tukaishi kwa mtindo huo huo, shabaha ilikuwa watu wa nyumba jirani wajuane. Huwezi kujua hali ya mtu ambaye hujawahi kuingia kwake. Mkeka na maji ya kunywa vinatosha.

Mwenyekiti wa jumuiya hiyo, kama unanisoma: tangaza Jumamosi hii kwamba kuanzia sasa ni chai kavu kwa nyumba zote, ukianzia na yako.