Swali la msomaji: Redio ya CB kwa treila, nianzie wapi?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi ni dereva wa treila, nabeba kontena kutoka hapa bandarini mpaka Malaba. Tuko madereva watatu twaenda msafara mmoja na huko mbele kuna sehemu netiwaki inapotea kabisa, sasa twataka kuweka redio za CB, hizi za kuongea lori kwa lori bila netiwaki. Nimeonyeshwa moja ina mataa na vibatani vingi, bei yake kali. Ninunue hiyo? Na yafungwa vipi?
Dereva, Miritini

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo ya mataa iwache. Redio ya CB ya kawaida kwa AM (njia yake ya kawaida ya kutuma sauti) inatuma wati 4 basi, iwe ghali iwe rahisi, kinachofikisha sauti yako ni antena, kwa hivyo pesa weka huko. Masafa yake ni 27 megahezi, wimbi lina mita 11 hivi, ndiyo maana antena kamili, ambayo ni robo ya wimbi, huwa karibu mita 2.7, hizi fupi zimeviringwa waya ndani na ukizidi kufupisha ndivyo unavyozidi kupoteza. Chukua ndefu kadiri lori itakavyoruhusu, ile ndogo kama kidole usiiguse.

Sasa umeme, na hapa ndipo redio nyingi hufia. Lori yako bila shaka ni volti 24, betri mbili zimeungwa. Soma nyuma ya redio, ikiwa ni 12 peke yake weka konvata ya kushusha kutoka 24 na fyuzi karibu na betri, na fundi akikwambia achomoe 12 kwa betri moja tu mkatalie kabisa, manake moja itakuwa yachoka na mwenzake yajazwa kupita kiasi, mwisho zote mbili utazitupa.

Antena ifunge kwa mkono wa saiti mira, kwangua rangi mpaka chuma kionekane halafu paka grisi, hewa yetu ya chumvi huku pwani yala chuma haraka sana. Usibonyeze kuongea kabla antena haijaunganishwa, utaichoma redio. Halafu azima mita ya SWR, ile ya kuonyesha kama nguvu ya redio yatoka vizuri kwa antena ama yarudi nyuma, egesha mahali wazi mbali na makontena, funga milango, pima chaneli 1 kisha 40. 40 ikisoma juu kuliko 1 antena ni ndefu, ipunguze kidogo kidogo, ikiwa kinyume irefushe. Chini ya 1.5 ni safi, mpaka 2 yavumilika, ikifika 3 wacha kuongea utafute waya mbovu ama mahali antena haishiki vizuri chuma cha body ya lori.

Tarajia kilomita kadhaa tu, pengine 10 kukiwa wazi, yawatosha kwa msafara. Marekani madereva hukutana chaneli 19 na 9 ni ya dharura, nyinyi chagueni yenu na 9 muiwache. Na kabla hujatoa hata shilingi uliza Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA) kuhusu kibali na aina ya redio inayokubalika, masafa yote ya nchi yako chini yao.