Vidonge vya bismuthi, choo cheusi na UTI iliyokataa dawa

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Baada ya kusumbuliwa na vidonda vya tumbo nilipimwa, nikakutwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, nikaandikiwa dawa za siku 14, vikiwemo vidonge vya bismuthi. Tangu siku ya tatu choo changu ni cheusi kama masizi ya sufuria. Jirani yangu anasema bismuthi ni madini, ndugu yake risasi, na kwamba watafiti wameona inasaidia kuua vimelea sugu. Je, niendelee kuimeza? Na vitakavyobaki naweza kumpa mwanangu wa miaka tisa, ambaye UTI yake imekataa dawa mbili?
Mama wa watatu, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Endelea kuimeza. Bismuthi ikikutana na salfa iliyomo mdomoni na utumboni hugeuka kuwa kitu cheusi kisichodhuru. Mzee mmoja alikuja dirishani kwetu kwenye famasia akautoa ulimi nje bila kusema neno, mweusi katikati kana kwamba amelamba wino. Ulirudi hali yake siku chache baada ya dozi kwisha. Cha kuogopa ni choo kinachonata kama lami na kunuka kupita kawaida, hasa kikiambatana na kizunguzungu, kwani hiyo huenda ni damu ya kidonda, na hospitali ni siku hiyo hiyo.

Kuhusu ukoo jirani yako hakukosea: katika jedwali la elementi risasi ni ya 82, bismuthi ya 83. Lakini chumvi za bismuthi haziyeyuki kirahisi, na kinachoingia kwenye damu hakifiki asilimia moja ya kilichomezwa. Upole huo nao una mpaka, kwani katika miaka ya 1970 huko Ufaransa na Australia, watu waliozitumia kwa muda mrefu mno walipatwa na ugonjwa wa ubongo, wakawa wanachanganyikiwa na kutetemeka.

Bakteria wako huishi ndani ya asidi ya tumbo kwa sababu ana kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemia), chenye nikeli ndani yake, kinachotengeneza amonia ya kuipoza asidi inayomzunguka. Bismuthi hukivamia kimeng'enya hicho pamoja na protini nyingine nyingi kwa wakati mmoja, na pengine ndiyo maana bakteria huyu, aliyekwisha kuzoea antibayotiki kadhaa, hajaonekana kuizoea bismuthi. Hata hivyo peke yake mara nyingi haimmalizi. Humdhoofisha, kisha antibayotiki za metronidazoli na tetrasaiklini zikamaliza kazi. (Najua wengi hapa Mwanza hupoza vidonda kwa maziwa mgando. Usiyanywe karibu na muda wa tetrasaiklini, kwani kalisiamu huikamata dawa hiyo isifanye kazi.)

Habari za watafiti nazo ni za kweli, ila zimefika Mwaloni zikiwa zimenona njiani. Wako bakteria sugu wenye kimeng'enya kiitwacho NDM-1, ambacho hukatakata antibayotiki za kundi la karbapenemi, zile zinazotunzwa kwa wagonjwa mahututi, na hakiwezi kufanya hivyo bila zinki. Mwaka 2018 wanasayansi wa Hong Kong walionyesha kwamba bismuthi huing'oa zinki hiyo na kukaa mahali pake, hivyo antibayotiki iliyokuwa imeshindwa ikapata nguvu tena. Walithibitisha hayo maabara na kwa panya. Mimi nayaona ni matumaini makubwa, kwa kuwa kuifufua dawa tuliyo nayo kunaweza kuwa njia fupi kuliko kuunda mpya. Lakini kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa aliye wodini bado pana safari.

Kwa mwanao jibu ni hapana. Ile sifa inayokulinda wewe, kwamba dawa hubaki tumboni, ndiyo inayoifanya isimfae yeye, ambaye vimelea vyake viko kwenye njia ya mkojo. Isitoshe, aina ya bismuthi yenye salisilati (jamii ya aspirini) ni hatari kwa mtoto mwenye mafua au tetekuwanga. Mpeleke hospitali mkojo wake uoteshwe maabara, ili ijulikane ni dawa gani bado inamuua bakteria huyo, kabla hajapewa ya tatu kwa kubahatisha. Na vidonge vya kubaki, mama, vinatoka wapi? Ukimeza dozi yako yote ya siku 14, havitakuwepo.