Baba mdogo, mwaliko wa Mobile si mkataba

Shikamoo Baba mdogo. Nasikia huko Tanga mmeshaanza kuulizia bei ya matofali kwa sababu kijana wetu ameitwa Senior Bowl, mechi ya mastaa wa futiboli ya Kimarekani wa vyuo, mjini Mobile, jimbo la Alabama. Aliyewaambia kwamba akikanyaga uwanja tu ni milionea amewadanganya, na sasa maombi ya hela yanamfikia mtoto usiku wakati anatakiwa alale.

Mechi hizi za mastaa hazikuanzishwa ili kumtajirisha mchezaji. East-West Shrine ilianza San Francisco Desemba 1925, kuchangia hospitali za watoto walemavu. Ile ya Chicago, 1934 hadi 1976, aliibuni Arch Ward, mhariri wa michezo wa Chicago Tribune: wanachuo dhidi ya mabingwa wa NFL, ligi ya kulipwa. Wanachuo walishinda 9, wakafungwa 31, sare 2. Ya mwisho ilikatizwa na mvua ya radi, Steelers, timu ya NFL, wakiongoza 24-0, basi ikafa.

Lakini iliyo nzito kwangu ni Blue-Gray ya Montgomery, Alabama, jimbo hilohilo anakokwenda. Ilianza 1939, wanachuo wa Kaskazini dhidi ya wa Kusini, na mchezaji mweusi hakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1963 televisheni ya NBC ilikataa kuirusha kwa sababu hiyo. Weusi waliingia 1965. Kwa hiyo mtoto wetu kuvaa jezi Alabama ni jambo kubwa. Jivunieni, waambieni majirani wote. Hela tu ndiyo msimwombe.

Senior Bowl yenyewe ilichezwa Jacksonville 1950, mwaka uliofuata ikahamia Mobile. Kazi kubwa pale ni wiki ya mazoezi. Wanampima urefu, uzito, mkono na upana wa kiganja, kisha anapambanishwa mmoja kwa mmoja mbele ya maskauti, yaani wasaka vipaji, wa timu zote 32 za NFL. Jioni anahojiwa na timu hotelini. Maskauti wengi huondoka kabla ya mechi ya Jumamosi, maana wameshaona walichokifuata. Akivuta msuli wa paja Jumanne, wiki imekwisha.

Ndiyo, Ezekiel Ansah wa Ghana alicheza Mobile mwanzoni mwa 2013, na Aprili timu ya Detroit Lions ikamchagua wa tano katika uteuzi wa NFL, ambapo timu huchukua wanachuo kwa zamu. Inawezekana kabisa. Ila uteuzi huo una raundi 7 na wachezaji kama 257, na wanaotoka vyuoni ni maelfu.

Sasa makaratasi, ambayo hakuna anayeyaulizia. Kijana yuko kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi. Muhula ukiendelea anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo tu, mwisho saa 20 kwa wiki. Tangu Julai 2021 wenzake Wamarekani wanalipwa kwa matangazo na majina yao. Yeye akifanya tangazo huku bila kibali, anaweza kuhesabiwa kavunja masharti ya viza. Timu ikimsajili, itamwombea viza ya wanamichezo, P-1. Isipomsajili, akihitimu ana siku 60 za kuondoka, labda awe ameomba kibali cha kazi cha miezi 12, na kazi yenyewe iendane na alichosomea. Maombi hayo hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kuhitimu. Mwambieni ayapeleke mapema, hata kama ana uhakika wa NFL. Hasa kama ana uhakika.

Msimwite nyumbani kwa harusi mwaka huu. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ikiwa imeisha muda, akitoka ataanza upya ubalozini, na anaweza kunyimwa. Lakini Bibi akizidiwa msimfiche, mwambieni ukweli, aamue mwenyewe. Inaniuma kuwapangia haya nikiwa mbali, wakati ninyi ndio mnaomuuguza. Dawa za Bibi nitazituma mimi, kijana asiguswe. Na akituma chochote kwa hiari yake, pokeeni, mumshukuru, msiseme ni kidogo.

Wiki ile asipigiwe na watu kumi. Apige mama yake peke yake, Jumapili baada ya mechi. Mobile wako nyuma yenu kwa saa 9, kwa hiyo asubuhi yenu yeye bado amelala, subirini jioni.