Maswali ya Wasomaji: Sailensi Inayopanda na Kushuka

SWALI: Assalamu alaykum. Nina gari dogo la Kijapani la petroli, la otomatiki, la silinda 4 na ujazo wa 1500, ambalo nalitumia karibu kila siku kati ya Wete na Chake Chake. Tangu masika yalipomalizika, sailensi yake, yaani mizunguko ya injini nikiwa sijakanyaga akseleta, haitulii. Asubuhi linawaka vizuri, lakini injini ikishapata moto mshale wa mizunguko unapanda mpaka 1500 kwa dakika, unaanguka mpaka 700, kisha unapanda tena, nami sijagusa akseleta. Nikikanyaga breki ili nisimame, gari hutetemeka kama linataka kuzimika. Nimebadilisha plagi zote na koili mbili, kisha fundi akanifungia throto (mlango wa hewa wa injini) iliyotumika, na hali ni ile ile. Taa ya injini imewaka na mashine ya kusoma kompyuta ya gari imetoa namba ya hitilafu P0171. Sasa naambiwa ninunue sensa ya oksijeni. Je, ninunue?
Msomaji wa Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Usinunue, angalau kabla ya kufanya vipimo nitakavyovieleza hapa, kwani vyote vinawezekana hapo hapo Wete na vingi havihitaji hata senti moja.

Namba P0171 haisemi kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Inasema kwamba kompyuta ya gari imeona moshi unaotoka una hewa nyingi kuliko inavyostahili, ikajaribu kuongeza petroli, ikaongeza tena, na imefika mwisho wa uwezo wake wa kusahihisha. Aliyeleta habari hiyo ni sensa ya oksijeni iliyopo kwenye ekzosi, na wahenga walishasema mjumbe hauawi. Sensa yaweza kuharibika, hilo silikatai, lakini gari lenye namba hii pamoja na sailensi inayocheza kati ya 700 na 1500 kwanza hushukiwa kuvuta hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia kwenye injini kwa njia ambayo kompyuta haiijui.

Hewa halali hupita kwenye ea klina, yaani chujio la hewa, ikapimwa na sensa ya hewa, ikaingia kwenye throto, ndipo ikafika kwenye manifodi, yaani mabomba yanayoigawa hewa, na kwenye silinda. Kompyuta hutoa petroli kwa kiasi cha hewa iliyopimwa. Ikiwa kuna mpira uliopasuka au gasketi iliyochoka baada ya sensa hiyo, hewa inayoingilia hapo haikuhesabiwa na haikupewa petroli yake. Injini ikiwa kwenye sailensi huhitaji hewa kidogo mno, kwa hiyo hata ufa ambao jicho halioni kwa urahisi huwa ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukiwa barabarani unapanda kilima, injini inavuta hewa nyingi na ufa ule ule hauna uzito tena, na ndiyo maana magari mengi ya namna hii hutembea vizuri na kusumbua yanaposimama tu.

Huko kupanda na kushuka nako kuna sababu yake, na ukiielewa hutaambiwa tena kwamba gari lina shetani. Hewa ya ziada huinua mizunguko wakati throto imefungwa. Kompyuta ikiona mizunguko iko juu na mguu haupo kwenye akseleta, hudhani gari linateremka mlima kwa kasi yake lenyewe, nayo hukata petroli kama inavyofanya siku zote katika hali hiyo. Mizunguko inaanguka. Inapokaribia kuzimika, petroli hurudishwa, ile hewa ya wizi ingali inaingia, na mizunguko inapanda tena. Kazi hiyo itaendelea mchana kutwa mpaka ufa uzibwe, na hapana plagi wala koili itakayoizuia.

Anza na ile throto iliyotumika aliyokufungia fundi. Muulize fundi kama gasketi yake ilibadilishwa au ilirudishwa ile kuukuu, kwa sababu gasketi iliyokwisha kubanwa mara moja na kukauka mara nyingi haikai tena sawasawa, na yawezekana ukawa na tundu la pili lililoongezwa juu ya la kwanza. Kisha, injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua mpira mkubwa unaotoka kwenye ea klina kwenda kwenye throto, uukunje mkononi na kuutazama ndani ya mikunjo yake. Mpira huo hukauka kwa joto la injini na hupasuka upande wa chini, mahali ambapo anayetazama kwa juu hawezi kuona lolote. Mimi huanzia hapo kila mara, na sijutii muda ninaoutumia.

Baada ya hapo washa injini ipate moto. Chukua kipande cha mpira mwembamba kiasi cha urefu wa mkono, weka ncha moja karibu na sikio na nyingine uipitishe polepole kwenye viungo vya manifodi, kwenye gasketi ya throto na kwenye kila mpira mdogo wa vakyumu, yaani wa mvuto wa manifodi. Ufa hutoa mlio kama wa nyoka. Unaposhuku mahali, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, ukiepuka koili na viungo vya waya. Sailensi ikibadilika maji yanapogusa hapo, umeshapata mlango wa mwizi. Jihadhari na feni, kwa kuwa ya umeme huweza kuwaka bila ya onyo, na nguo yenye mikono mipana au kanzu haifai kabisa karibu na mkanda unaozunguka. Wapo mafundi wanaonyunyizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kutafuta ufa. Njia hiyo inaonesha haraka, lakini cheche moja ya koili au ekzosi yenye moto inatosha kuliunguza gari, nami siipendekezi kwa mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye breki, kwa sababu katika barua yako hilo ndilo lililonivutia kuliko mengine. Hidrovaki, lile dishi jeusi nyuma ya pampu ya breki linalokupunguzia nguvu za mguu, huendeshwa na mvuto wa manifodi kupitia mpira mnene. Ikiwa mpira huo una ufa, au ngozi ya ndani ya hidrovaki imepasuka, kila unapokanyaga breki hewa huingia moja kwa moja kwenye manifodi. Egesha gari mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P, kisha kanyaga breki na kuachia mara kadhaa. Sailensi ikiyumba kwa kila kanyagio, au ukisikia mvumo wa hewa karibu na miguu yako, hidrovaki au mpira wake ndio wa kushughulikiwa, na hapo usiahirishe hata siku moja, maana jambo limeshatoka kwenye injini na kuingia kwenye breki. Sailensi isipobadilika katika kipimo hicho, basi mtetemo unaousikia unaposimama barabarani unatokana na uzito wa gia ikiwa kwenye D, na hidrovaki haina kosa.

Mtuhumiwa mwingine ni valvu ya PCV, ambayo hurudisha mvuke wa oili kutoka ndani ya injini hadi kwenye manifodi. Ikikwama ikiwa wazi huwa kama tundu la kudumu. Bana mpira wake kwa koleo lililofungwa kitambaa. Mizunguko ikishuka sana na kutulia, ivue na uitikise, kwani nzima hutoa mlio wa kitu kinachogonga ndani. Hata ikigonga, tazama na mpira wenyewe, hasa kwenye kona. Ni spea ya bei ndogo, nayo husahauliwa katika gereji nyingi.

Mashine iliyosoma P0171 ina habari nyingine ambayo fundi wako hakukuonesha. Mwambie afungue ukurasa wa marekebisho ya mafuta, yaani kiasi cha petroli ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, ule wa muda mrefu na wa muda mfupi, injini ikiwa na moto. Gari zima huwa karibu na sifuri, na kucheza mpaka asilimia 5 hivi juu au chini si tatizo. Ukiona jumla yake ni asilimia 20 au zaidi gari likiwa sailensi, kisha mkashikilia mizunguko 2500 na namba ikarudi karibu na sifuri, huo ni uvujaji wa hewa bila ya shaka kubwa. Lakini ikiwa namba inabaki juu au inazidi kupanda kadiri mnavyoongeza mizunguko, acheni kutafuta ufa na mtazame upande wa petroli: chujio lililoziba, pampu iliyochoka, nozeli chafu za kunyunyizia petroli, au sensa ya hewa yenye vumbi inayosema hewa ni kidogo kuliko ilivyo. Sensa hiyo husafishwa kwa dawa yake maalumu tu, bila ya kuigusa kwa kidole wala kitambaa, kwa sababu waya wake ni mwembamba mno.

Kwa kuwa tunaishi visiwani, naongeza mambo mawili. Hewa ya chumvi hula viungo vya waya, na ukiona ukungu wa kijani kwenye kiungo cha sensa au kwenye waya wa ethi unaoungana na bodi, safisha kwanza kabla ya kuhukumu sensa yenyewe. La pili ni rejeta. Watu wengi hujaza maji ya kisima, na visima vya karibu na pwani vina chumvi, nayo huleta kutu ndani ya injini. Maji yakipungua, hewa hubaki katika mfumo, sensa ya joto husoma vibaya, na katika baadhi ya magari hilo pekee linatosha kuifanya sailensi ipande na kushuka. Tazama kiwango cha maji injini ikiwa baridi. Usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto.

Ufa ukishapatikana na kuzibwa, fundi aifute namba hiyo, uendeshe siku mbili au tatu, kisha msome tena marekebisho ya mafuta. Namba zikitulia, fedha ya sensa ibaki mfukoni mwako.

SWALI: Mhariri, nilibadilisha betri wiki iliyopita, na tangu siku hiyo gari langu linazimika kila ninaposimama kwenye makutano. Kabla ya hapo halikuwa na tatizo lolote. Fundi anasema betri mpya imeunguza kompyuta.
Msomaji wa Mwanakwerekwe, Unguja

JIBU: Kompyuta iliyoungua kwa kawaida haiwashi gari kabisa, na lako linawaka na kutembea. Linalowezekana zaidi ni kwamba throto yako imekuwa ikikusanya kaboni kwa miaka, na kompyuta ilikuwa ikijizoesha kidogo kidogo kuifungua zaidi ili hewa itoshe. Betri ilipotolewa, mazoea hayo yakafutika, na sasa inafungua kwa kipimo cha kiwandani kwenye mlango ambao umeshakuwa mwembamba. Throto chafu huishusha sailensi na kulizima gari, tofauti na ufa, ambao mara nyingi huipandisha.

Throto isafishwe kwa dawa yake na kitambaa laini, waya wa betri ukiwa umefunguliwa. Ikiwa ni ya umeme, kipepeo chake kisisukumwe kwa kidole kwa nguvu, kwani gia zake za ndani ni za plastiki. Kisha rudisha betri, washa gari bila ya kukanyaga akseleta, taa na kiyoyozi vikiwa vimezimwa, uliache mpaka feni iwake na kuzima, halafu washa kiyoyozi na uliache dakika nyingine kadhaa. Magari mengi hujifunza upya kwa njia hiyo. Magari mengi ya Nissan yana utaratibu wake maalumu wa kujifunza sailensi, hivyo ikiwa lako ni mojawapo, ni vyema ufanywe kwa mashine.

SWALI: Gari langu la otomatiki hutetemeka sana likiwa kwenye D nami nimekanyaga breki, lakini mshale umetulia kwenye 700 bila ya kucheza. Nikiweka N mtetemo unapungua. Nisafishe nozeli?
Msomaji wa Makunduchi

JIBU: Nozeli ziache kwanza. Mizunguko 700 iliyotulia ni sailensi nzuri, kwa kuwa magari mengi madogo ya petroli hukaa kati ya 600 na 800 yakishapata moto. Tazama maunti za injini, yaani mipira inayoibeba injini juu ya fremu. Fungua boneti, mtu mwenye leseni akae kwenye usukani, breki ya mkono ivutwe na ya mguu ikanyagwe kwa nguvu, kisha ahamishe gia kutoka D kwenda R na kurudi, nawe ukiwa umesimama ubavuni, si mbele ya gari. Injini ikiinuka na kuanguka kwa kishindo, maunti imekatika, na ukimulika kwa tochi utauona mpira wake uliopasuka.