Boksi la 101 halijui kwamba umeshakosa mara 100

Mkuu, umeuliza kama kununua maboksi ya bahati kwenye gemu (unalipia kabla ya kujua kilichomo) ni kamari au ni manunuzi ya kawaida tu, "maana kila boksi lina kitu ndani, hutoki mikono mitupu". Hoja hiyo ya mikono mitupu nimejitetea nayo karibu mwaka mzima.

Nilikuwa namtafuta mhusika mmoja wa gemu, anayepatikana ndani ya maboksi hayo. Gemu liliandika wazi: uwezekano wa kumpata ni asilimia 1 kwa kila boksi. Nikapiga hesabu ya kitoto, kwamba nikifungua 100 atakuwa wangu. Nikafungua 100, hakutokea, nikalalamika kila mahali kwamba nimeibiwa. Baadaye ndipo nikashika kikokotoo: nafasi ya kukosa ni 0.99, izidishe kwa yenyewe mara 100, inabaki kama 0.37. Yaani wakifungua watu 100, kila mmoja maboksi 100, takriban 37 wataondoka bila walichokifuata. (Yapo magemu yenye kikomo, ukifikisha idadi fulani unapewa kwa lazima. Nayo yana mtego wake: ukishafika 70 kati ya 90, nani anaacha?)

Sasa sikia. Hesabu hiyo niliielewa vizuri, na usiku uleule nikanunua tena. Nilinunua kwa almasi, yaani sarafu ya ndani ya gemu, si kwa pesa moja kwa moja, na almasi huuzwa kwa vifurushi ambavyo kila mara vinakubakizia chenji isiyotosha boksi moja. Mhusika mwenyewe nilishaacha kumtamani. Nilichokuwa nakifuata ni zile sekunde taa zinapozunguka, zinapunguza mwendo kwenye dhahabu, yaani zawadi kubwa, halafu zinaipita.

Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliliona hili zamani kwa panya na njiwa: chakula kikija bila mpangilio unaotabirika, mnyama hubonyeza kitufe cha chakula kwa bidii, na hata kikikatwa huchelewa sana kuacha.

Kisheria kila nchi ina lake. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba maboksi ya kulipia ni kamari. Uingereza inaangalia kama zawadi inaweza kugeuzwa pesa, na mwaka 2022 serikali yake iliamua kutoigusa sheria ya kamari. Mwaka 2019 mwakilishi wa kampuni ya magemu ya Electronic Arts aliwaambia wabunge wa huko kwamba maboksi ni kama mayai ya chokoleti yenye zawadi ndani. Nilicheka. Yai la chokoleti halikuamshi saa nane usiku kukwambia ofa inaisha asubuhi.

Kwa hiyo mimi siangalii zawadi inauzika au haiuziki. Jumlisha ulichokwisha kutumia kwenye maboksi, kisha ujiulize: wangekuuzia kitu hichohicho waziwazi kwa bei hiyo, ungelipa? Mimi nilipojumlisha, hata robo yake nisingetoa.